Pindo la Gauni la Maria

Kile kipande cha ngozi cha Bremen hakikuwa chenyewe. Inspekta Gesine Brakhage alikuwa ameendesha gari asubuhi nzima kwenda kukitazama, na alichorudi nacho ni maumivu ya kiuno na kicheko cha mzee mmoja muuza vitu vya kale. "Huu ni mwandiko wa Wafaransa, Inspekta," alikuwa amemwambia, akikirudisha kile kipande ndani ya bahasha. "Wa kwenu ni wa Saksonia, tena umeutangulia huu kwa miaka mia mbili. Mjukuu wangu angeliona hilo hata bila miwani."

Sasa alikuwa amesimama katika karakana ya Tomke Eilers, kwenye konventi ya Marienbrook, nyumba ya kale ya watawa ambamo sasa waliishi wanawake wastaafu, koti bado mwilini, akilitazama gauni kwa mara ya ngapi sijui. Lilikuwa gauni dogo la hariri nyekundu iliyofifia, la kumtosha mtoto anayetambaa, isipokuwa mwenye gauni hakuwa mtoto. Alikuwa Maria wa mbao, wa kanisani humohumo. Watawa waliomshonea zamani hizo walitaka pindo lisimame vizuri, lisilegee, kwa hiyo walichukua Biblia yao kuukuu ya Kilatini, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, wakaikata vipande vyembamba na kuvishonea ndani ya pindo. Biblia yenyewe ilipotea yote. Mwaka uliopita kamera nyembamba ilipenyezwa kwenye tundu la nondo, na ndani ya giza la pindo ikaonekana mistari ya kitabu cha Ruthu, wino wake bado wa kahawia iliyokolea. Wataalamu walilia kwa furaha, watu wazima na ndevu zao.

Kisha, siku ya kulifumua pindo mbele ya wageni na wapiga picha, Tomke alikata uzi, akafunua hariri, na ndani mkawa na kitambaa kigumu cha kola. Kipya, cheupe pe.

Gauni lilikuwa limefungiwa katika kabati la Tomke, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, shingoni mwake. Kabla ya hapo, wanawake wote wa konventi walisema kwa sauti moja, gauni lilikuwa mwilini mwa Maria, nyuma ya kimia cha chuma, na hakuna aliyeligusa. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima, na kesi nzima ilimwangukia Tomke.

"Bremen?" Tomke aliuliza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, aliyekondeana ghafla.

"Hamna kitu."

"Nilijua."

"Ulijua, hukunizuia?"

"Ningekuzuiaje? Ungesema nakuficha kitu."

Gesine hakubisha, maana kweli angesema. Alivuta kiti. "Haya. Nieleze huu mshono. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kushona kifungo."

"Hujui kushona kifungo?"

"Vyangu anashona mama, naye ana miaka themanini na mbili na ananisema kila kimoja."

Tomke alikaribia kucheka. Akawasha taa ya mezani, akasogeza kioo cha kukuzia juu ya pindo. "Sisi tunaotunza nguo za kale hatupigi fundo. Kamwe. Fundo linavuta, linakata hariri. Tena uzi wetu tunauchagua wa rangi inayotofautiana kidogo na nguo, ili atakayekuja baada yetu ajue: hapa pamerekebishwa, si pa asili. Kwetu kuficha mshono ni kusema uongo. Sasa angalia alivyoshona huyu."

Gesine aliinama. Aliona mapigo ya sindano madogo mno, yamelingana kama meno ya chanuo, na uzi wa rangi ileile ya hariri.

"Huoni alipoanzia, si ndiyo? Fundo lipo. Liko chini ya huu msalaba mdogo, mapigo mawili yamepishana juu yake. Kazi nzuri sana, na mimi sishoni hivyo. Nikishona hivyo mwalimu wangu atafufuka aje anizabe kofi."

Gesine alipitisha kidole juu ya ukingo wa meza. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa uzi. Kilikuwa kile kitambaa cha kola. Mtu anayeiba Biblia huchukua Biblia akaenda zake. Pindo likilegea, linamhusu nini? Huyu alikuwa amekaa chini, akapima, akakata kola kwa upana uleule, akaitia ndani ili gauni lisimame kama lilivyosimama.

"Aliyefanya hivi alilifikiria gauni," alisema.

"Alimfikiria Maria," Tomke alisema. "Hakutaka aonekane ovyo."

Gesine alimpigia simu mwendesha mashtaka Henning Rabe palepale, akamweleza fundo, uzi na kola. Rabe alikuwa na sauti kubwa isiyohitaji spika, na Tomke alisikia kila neno.

"Gesine, dada yangu, mwizi mwenye akili atashonaje? Si atashona kama mtu mwingine? Unaniletea ushahidi kwamba ana akili. Nilishajua ana akili, ana shahada mbili."

"Na kola?"

"Kuchelewesha watu wasigundue. Niletee kitu cha kushika mkononi. La sivyo Ijumaa natia saini mashtaka."

Simu ilikatika. Tomke alizima taa ya mezani, akaweka karatasi laini juu ya gauni taratibu, kama anayemfunika mgonjwa.

"Hamburg wamesimamisha ile kazi waliyoniahidi," alisema. "Wanasubiri, eti. Unajua nini, Inspekta, hata nikishinda mahakamani nimekwisha. Mtu aliyewahi kushtakiwa kwa wizi wa ngozi za kale hapewi tena hata soksi ya kale aishike. Hii kazi inakwenda kwa kuaminiwa tu. Sina nyingine ninayoijua."

Gesine alirudisha kiti mahali pake. Akaenda kumwona Mama Mkuu.

Mama Mkuu Mechthild Oelkers alikuwa jaji wa mahakama ya familia kabla ya kustaafu na kuja kuongoza Marienbrook, na bado aliwapokea watu kama waliokuja kugombania watoto. Lakini kahawa yake ilikuwa nzuri. Pembeni aliweka keki ya siagi, ile bapa inayookwa kwa trei nzima pakiwa na msiba, yenye sukari na lozi juu.

"Kula. Tulioka nyingi mno kwa matanga ya Theda, nyingine tukaigandisha. Friji halifungi."

"Theda ni nani?"

"Theda Behnke. Mwenzetu. Alifundisha Kilatini kwenye shule ya wasichana Celle miaka yote, kisha akaja kukaa nasi. Alifariki mkesha wa Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari."

Gesine alikula. Siagi ilimchuruzika kidoleni, akachukua kitambaa cha mezani kujifuta, na ncha ya kidole ikagusa kitu kidogo kigumu kwenye kona. Alikigeuza kitambaa. Palikuwa na msalaba mdogo wa mapigo mawili, mweupe juu ya cheupe. Alitoa simu, akafungua picha ya pindo, akailaza kando ya kitambaa. Kisha, bila kuomba ruhusa, akauinua ule msalaba kwa ncha ya uma. Chini yake kulikuwa na fundo.

"Unaniharibia kitambaa," alisema Mama Mkuu.

"Nani ameshona hiki?"

"Walburga. Bi Walburga Lüders, nani mwingine? Kashona vitambaa vyote, mapazia, foronya. Hata kanzu zetu za sanda. Yangu iko tayari kwenye droo, siku hizi inanibana."

"Mliulizwa ni nani aliyelishika gauni kabla halijafungiwa kabatini. Mkasema hakuna."

"Na hakuna."

"Hata Walburga?"

"Walburga alilianika tu." Mama Mkuu alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujibu swali. "Sikukuu ya Mishumaa aliye mkubwa kuliko wote humvua Maria, gauni linalala chumbani kwake lipate hewa, kesho yake anamvisha. Imekuwa hivyo tangu enzi za watawa wenyewe. Safari hii hakumvisha tena. Alilitoa likiwa limekunjwa, tukampa Tomke."

"Lililala chumbani kwake usiku kucha."

"Kuanika si kushika, Inspekta."

Gesine alimtazama jaji huyu mstaafu, aliyewahi kuwachambua mashahidi kama kunde, na akaona kwamba hadanganyi hata chembe. Waliulizwa wote, wanawake tisa wenye akili zao, na wote tisa walijibu kwa moyo safi. Walburga na gauni walikuwa kitu kimoja machoni pao. Nani huutaja mlango akiulizwa nani aliingia? Mama Mkuu mwenyewe alianza kuliona sasa. Kikombe kilibaki hewani, uso ukapauka.

"Mungu wangu," alisema. "Theda alikuwa bado yuko kitandani mwake usiku ule. Walburga alitufukuza wote chumbani. Akamvalisha yeye mwenyewe ile kanzu ya sanda."

"Yenye pindo."

"Yenye pindo, ndiyo. Pana. Walisoma pamoja wale wawili toka wana miaka sita."

Gesine alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kesi hii alisikia furaha ikimpanda kifuani. Ngozi hudumu. Wiki chache ndani ya jeneza la mwaloni, kwenye ardhi iliyoganda, haziiozi ngozi iliyopita miaka mia saba. Amri ya kufukua kaburi, daktari mmoja, Tomke mwenyewe na koleo yake ndogo, na Ijumaa Rabe hana cha kutia saini.

"Amezikwa wapi?"

Mama Mkuu aliweka kikombe kwenye kisahani, akakisogeza mbele, akakirudisha.

"Kando ya ukuta, upande wa kaskazini," alisema. "Lakini hutapata kitu. Theda alichomwa. Mpwa wake wa Hannover ndiye aliyekuwa ndugu wa pekee kisheria, akataka iwe hivyo, yaishe upesi. Walimchukua na jeneza na kanzu yake, wakaturudishia chombo cha majivu. Ndicho tulichozika."

Furaha ya Gesine ilimtoka kama ilivyokuja. Alikaa tena kwenye kiti.

"Walburga anajua?"

"Kifua kilimbana siku ya pili yake, akalazwa hospitali. Hakuwepo. Anajua Theda amezikwa." Mama Mkuu alimtazama usoni. "Na amezikwa. Si uongo. Niliwaomba wote waishie hapo, na wewe nakuomba."

Akiwa ukumbini Gesine alimpigia Rabe tena. Safari hii Rabe alisikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ilipokuja ilikuwa imepungua.

"Nakuamini," alisema. "Sasa nifanye nini na kuamini? Huyo bibi yuko chini ya msimamizi wa mahakama, akili yake haitegemewi. Nina taarifa yake hapa ya vuli, alipiga simu polisi kwamba Kaiza, yule mfalme aliyekufa zamani, kaja kumwibia vijiko. Akikiri, wakili wa kampuni ya bima atasema anamwokoa binti kwa huruma. Na kitambaa cha mezani hakiendi mahakamani peke yake. Nipe kipande cha ngozi, Gesine. Kimoja tu, hata cha ukubwa wa ukucha."

"Labda alibakiza."

"Basi kamuulize."

Walburga Lüders alikuwa makaburini, mahali alipokuwa kila mchana tangu arudi hospitali, ameketi juu ya kigari chake cha kutembelea, blanketi magotini, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mtoto wa jicho alikuwa amemfanya amtambue mtu kwa hatua zake.

"Huyo ni nani anatembea kama ana deni?"

"Polisi, bibi. Inspekta Brakhage."

"Umekawia, mwanangu. Nilidhani polisi ni wepesi."

"Ungekuja kusema mwenyewe, ningewahi."

"Hamkuniuliza. Mlimtuma yule kijana mwenye pua nyekundu, akauliza nani kaiba. Nikamwambia sijui mwizi. Nimjulie wapi?"

Gesine alichuchumaa kando yake. "Sasa nauliza mimi. Ngozi za kwenye pindo la Maria ulizipeleka wapi?"

"Nilimvalisha Theda," alisema Walburga, kana kwamba ameulizwa chumvi iko wapi. "Maria nilimwekea kola nzuri, ya dukani. Maria hajui Kilatini. Theda alijua." Alijifunga blanketi vizuri. "Ni zamani, nilikuwa natengeneza pindo, limetoboka. Theda akaja kunishikia taa. Akaona maandishi, akaanza kusoma. Palikuwa na yule mjane anamwambia mama mkwe wake, hatamwacha, pale huyu atakapozikwa ndipo naye atazikwa. Theda akasema, Walburga, hebu sikia, hao walivaliwa miaka yote hii na hakuna aliyejua. Tulicheka sana. Sisi hatukuwa na wakwe."

"Ulizitia zote?"

"Zote. Pindo zima, kuzunguka miguu."

"Hukubakiza hata kimoja, bibi? Kidogo tu, cha ukumbusho?"

"Ningebakizaje? Nikate katikati ya neno?" Alionekana kukasirika kidogo. "Watawa walikata. Walikuwa na haraka wale, kila kitu nusunusu. Mimi sikati."

Upepo ulivuma ukutani. Gesine alisema jambo ambalo angependa asilazimike kulisema.

"Tomke Eilers atashtakiwa kwa ajili ya hizo ngozi. Wanasema kaiba yeye."

Kikongwe aligeuza uso wake wote kuelekea sauti. "Yule mtoto mrefu? Aliyenifundisha kushika sindano ya kupinda?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Hapana, hilo halifai. Ana mikono mizuri yule." Kisha akampiga Gesine begani, pigo jepesi la mtu aliyepata ufumbuzi. "Mbona rahisi? Mfukueni. Theda hatakasirika, alikuwa mwalimu, anapenda mambo yathibitishwe. Fumueni pindo, pigeni picha zenu, muone kwamba ziko zote. Kisha mnirudishie nilishone tena, hapohapo. Nitavaa zile glavu zao. Halafu mfukieni."

Gesine alilitazama kaburi. Kulikuwa na mduara wa hitha, yale maua madogo ya mbugani, mpana kama trei ya chai, na kuzunguka mduara huo nyasi zilikuwa zilezile za mwaka jana, zimeshikana na kuvu, hazijaguswa na jembe. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba hakuna jeneza lililopita hapo. Alifungua kinywa. Akimwambia, huyu mwanamke ataondoka hapa akijua kwamba rafiki yake alichomwa pamoja na maneno yao, na Tomke hatapata hata nywele ya faida. Asipomwambia, Tomke vilevile hapati. Alipima huku na huku kama alivyofundishwa kupima, na kila alipoweka neno, mizani ilibaki palepale. Alijisikia mjinga, na mwenye huruma isiyo na kazi.

"Ardhi imeganda, bibi," alisema mwishowe. "Jembe haliingii."

"Basi mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne."

"Mwambie yule mtoto avumilie. Mwambie ziko salama, zimelala mahali pakavu."

"Nitamwambia."

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwa Gesine. Aliitoa; lilikuwa jina la Tomke. Aliishika mkononi mpaka ikanyamaza.

Walburga alikuwa amekwisha kugeukia ukuta tena, ametulia, kama mtu aliyemaliza shughuli ya ofisini na sasa ana lake. "Kanzu yangu haina kitu pindoni," alisema. "Sikuhitaji. Wataniweka hapa kando yake, tutatumia hizohizo." Alinyoosha mkono wenye glavu ya sufi kuelekea chini, si mahali penyewe hasa. "Mimi macho yangu yamekwisha. Wewe hebu nitazamie vizuri, mwanangu, usinifiche. Nafasi itanitosha?"

Gesine aliutazama ule mduara wa hitha, na nyasi pande zote.

"Itakutosha, bibi," alisema. "Nafasi iko tele."